Nambari Tatu

Benchi letu ni ubao mmoja juu ya matofali sita.
Nimeihesabu misumari yake: kumi na minne,
miwili imeinua vichwa.
Wangu ni ule wa mwisho, upande wa kushoto.

"Leo wacheza au wakaa?" mama huuliza kila Jumamosi,
akinifungia mahamri manne kwenye gazeti.
Haulizi kwa dhihaka. Ataka kujua
kama aifue jezi usiku au aiache hadi Jumatatu.
Jezi ya mkaaji haina haraka.

Mwaka wa pili huu. Chuoni nasomea mabomba.
Mwalimu Randu hutwambia: fundi mzuri hasifiwi.
Maji yakipita alipoyaelekeza, nani atauliza jina lake?
Likidondoka tone moja tu, mtaa mzima utamjua.
Siku ile niliandika pembeni mwa daftari,
karibu na mchoro wa kiungo cha inchi moja:
beki wa kushoto.

Sikuzaliwa na mbio. Nilizipata Kisauni
nikisukuma mkokoteni wa baba,
madumu ishirini, maji yakicheza ndani,
yakivuta huku, yakivuta kule,
nami nikijifunza kusimama upande yanakotaka kwenda
kabla hayajaenda.
Hicho ndicho nikijuacho. Sina kingine.

Badi anacho kingine.
Hupanda ubavu wa kushoto kama anaenda kupokea kodi.
Wasichana wa darasa la upishi hulivuta jina lake
mpaka likawa na irabu saba.
Akipoteza mpira hucheka, na kocha Mwachiro hucheka naye.
Nikiupoteza mimi, kocha hutazama saa.

Nikiri jambo. Usiku wa kuamkia mechi na vijana wa Kilifi
niliomba. Sikuomba mfupa uvunjike, sikufika huko.
Niliomba kitu kidogo: kigimbi kimkaze,
dakika ya sitini hivi, asiumie sana.
Nilipanga mpaka dakika, kama mtu anayeagiza viazi karai
na kusema ukwaju usizidi.

Ikawa dakika ya sabini na moja.
Alianguka mbele yetu kabisa, ameshika mguu,
uso umemkunjamana kama mtoto aliyeamshwa ghafla.
Na ni mimi niliyemfikia kwanza,
nikausukuma unyayo wake kwa tumbo langu,
nikisema pole, pole, pole,
mara nyingi kuliko inavyostahili mguu mmoja.

Akavua vikinga vya miundi. "Shika.
Winga wao akitazama chini, anakata ndani.
Akikutazama wewe, anakudanganya."
Saa nzima ya kusumbuliwa, akanipa kwa pumzi moja.
Vilikuwa bado na joto lake.
Nikavifunga.

Dakika kumi na tisa. Nilifanya nini?
Winga alitazama chini: nikasimama ndani.
Akatazama chini tena: nikasimama ndani.
Mara ya tatu alinikazia macho, bega likaenda, kiuno kikaenda,
mimi sikwenda. Akaurudisha mpira kwa wenzake.
Hakuna aliyepiga makofi. Hakuna kilichotokea,
na huko kutotokea ni kazi ya miguu hii.

Bila kwa bila.
Kocha alitazama saa, ila kipenga kilikuwa kimeshalia.
Jumamosi ijayo Badi atakuwa amepona, najua,
na sitaomba tena,
au nikiomba nitaomba kwa sauti, ili niaibike.
Mgaagaa na upwa hali wali mkavu, wasema.
Mgaagaa na benchi je?

Nyumbani mama alinyoosha mkono, akaipokea jezi,
akaifikisha puani, asiulize neno.
Nilikuwa kizingitini nikifungua kamba za viatu
niliposikia dumu likiinamishwa uani,
na maji yakianza kuingia kwenye beseni.